Hedi Uani: Historia ya Kubadili Gasketi Kusini mwa Tanzania

Gasketi ya hedi hukaa kati ya bloku ya injini na hedi, ikizuia vitu vitatu visikutane: moto wa silinda, maji ya kupozea na oili. Mkanda wa feni ukikatika au rejeta ikivuja dereva asitambue, injini huchemsha, hedi hupinda na gasketi huungua. Dalili zake fundi huziona kwa macho: moshi mweupe usiokwisha, viputo ndani ya rejeta, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Katika vijiji vya bonde la chini la Ruvuma kama Mahurunga, kazi ya kuifungua hedi imezoeleka kufanyika uani kwa mwenye gari. Mazoea hayo yametokana zaidi na barabara kuliko yalivyotokana na ufundi.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, bandari ya eneo hili ilikuwa Mikindani na magari yalikuwa machache. Mambo yaligeuka mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi wa karanga uliokuwa na mashamba yake ya kusini Nachingwea. Bandari ya kina kirefu ilijengwa Mtwara, na reli ikatandikwa kuelekea bara. Matrekta na malori, mengi yakiwa mabaki ya vita, yalihitaji karakana, na karakana zilihitaji mikono. Mpango wenyewe uliachwa mwaka 1951, karanga zikiwa hazikuvunwa kwa kiasi kilichotarajiwa. Wanasiasa wa London walihesabu hasara ya mamilioni ya pauni. Ufundi wa spana haukuingia katika hesabu hiyo, ingawa haukuondoka na wenye mradi.

Reli nayo haikudumu. Ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mataruma yakang'olewa, korosho zikabaki kusafirishwa kwa malori. Wakati huohuo njia ya kwenda Dar es Salaam ilikatwa na Mto Rufiji, ambao magari yaliuvuka kwa pantoni ya Ndundu. Masika yakikolea, kusini ilijitenga. Upande wa pili, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza mwaka 1964 viliugeuza Mto Ruvuma kuwa mpaka wa vita hadi mapigano yalipokoma mwaka 1974. Mahurunga ikawa mwisho wa njia: gari likiharibika huko, kulivuta hadi mjini kuligharimu zaidi kuliko kulitengeneza palepale.

Uhaba wa fedha za kigeni mwishoni mwa miaka ya 1970, uliozidishwa na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ulifanya spea ziwe adimu nchi nzima. Hapo ndipo fundi wa uani alipotofautiana na fundi wa kitabu. Gasketi ndogo, kama ya kifuniko cha valvu au ya sampu, ilikatwa kutoka kwenye kadibodi: karatasi huwekwa juu ya chuma, kingo hugongwa taratibu kwa nyundo ya kichwa cha mviringo mpaka umbo litoke, kisha hupakwa grisi. Gasketi ya hedi haidanganywi hivyo, kwa kuwa kadibodi haivumilii moto wa silinda. Ile ya shaba iliweza kurudishwa kazini. Ilipashwa moto mpaka ikaiva nyekundu ili ilainike, ikatumbukizwa majini, ikapakwa rangi ya fedha na kufungwa tena. Kanuni hiyo ni sahihi kabisa: shaba iliyokandamizwa huwa ngumu, na moto huirudishia ulaini wa kuziba.

Magari ya enzi hizo yalisaidia. Land Rover za zamani na malori ya Bedford yalikuwa na hedi za chuma cha kusubu, nzito lakini ngumu kupinda. Utaratibu wa kazi ulikuwa mmoja. Maji humwagwa, bolti hulegezwa kuanzia pembeni kuja katikati, na fimbo za kusukuma valvu huchomekwa kwenye kadibodi yenye matundu ili kila moja irudi ilikotoka. Uso wa hedi hukwanguliwa masizi, kisha rula ya chuma husimamishwa juu yake. Mwanga ukipenya chini ya rula, hedi imepinda. Penye upindo mdogo, msasa ulitandikwa juu ya kioo kinene na hedi ikasuguliwa hapo kwa saa nyingi. Wakati wa kufunga, bolti hukazwa kwa awamu, safari hii kuanzia katikati kwenda pembeni. Spana ya kipimo ilikuwa kitu cha karakana kubwa. Uani kipimo kilikuwa mkono wa fundi, na kwa chuma kile kigumu mkono ulitosha mara nyingi.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na miaka iliyofuata ikaleta magari yaliyotumika kutoka Japani. Corolla na Noah zina hedi za alumini. Zikichemsha mara moja tu, hedi inaweza kupinda kiasi ambacho msasa hauwezi kurekebisha, na mkono uliozoea Bedford hukata bolti zake au huziacha zimelegea. Hapa sifa za fundi wa uani zina mipaka. Desturi ya kuchomoa thamostati ili injini "ipoe" haiondoi chanzo cha tatizo, na maji ya visima vya pwani yenye chumvi huharakisha kutu na ukoko ndani ya njia za maji, mambo ambayo kulanti huyazuia.

Daraja la Mkapa lilifunguliwa Rufiji mwaka 2003, na lami ikafuata kwa vipande. Gasketi inayonunuliwa Kariakoo, Dar es Salaam, sasa husafiri kwa basi hadi Mtwara badala ya kusubiri pantoni. Kazi yenyewe imegawanyika: hedi hufunguliwa nyumbani, hupelekwa mjini kuchongwa kwa mashine, kisha hurudi kufungwa palepale ilipotolewa.

Tofauti moja ya mwisho inahusu kukaza. Gasketi za zamani zilihitaji bolti zikazwe tena baada ya injini kupata moto na kupoa. Zile za sasa za matabaka ya chuma kwa kawaida hukazwa mara moja tu, kwa kipimo cha mtengenezaji, na haziguswi tena.