Berea ya Johannesburg: Rangi, Kodi ya Pango na Haki ya Kukaa Mjini

Mtaa wa Berea uko kaskazini-mashariki mwa kitovu cha jiji la Johannesburg, ukipakana na Hillbrow upande wa magharibi na Yeoville upande wa mashariki, na chimbuko lake ni dhahabu iliyogunduliwa Witwatersrand mwaka 1886. Katika miaka ya mwanzo ya mji huo, ardhi ya mwinuko, iliyokaa juu ya moshi na vumbi la migodi, ilipimwa viwanja kwa ajili ya Wazungu wenye uwezo, na jina la Barnato Park lingali linamkumbusha msomaji tajiri wa almasi na dhahabu Barney Barnato, aliyefariki mwaka 1897. Wakati huohuo wachimbaji Waafrika walilazwa katika kampaundi, yaani mabweni yenye ulinzi yaliyojengwa na makampuni ya migodi, hivyo kwamba tangu mwanzo mahali mtu alipolala palieleza nafasi yake katika uchumi wa dhahabu.

Kadiri karne ya 20 ilivyosonga, nyumba za bustani zilipisha magorofa ya kupanga, na Berea ikawa makazi ya makarani, wastaafu, vijana walioanza kazi na wahamiaji kutoka Ulaya, wakiwemo Wayahudi ambao wengi wao walipanda kutoka Doornfontein, mtaa wa bondeni, baada ya hali zao kuinuka. Sheria iliwahesabu wote hao kuwa Wazungu, na Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950, iliyogawa miji kwa misingi ya rangi, iliuhifadhi mtaa kwa ajili yao. Hata hivyo hapakuwa na siku ambayo Waafrika hawakuishi Berea. Watumishi wa nyumbani waliopika, kufua na kulea watoto walilala katika vyumba vidogo vilivyojengwa juu ya mapaa ya magorofa, na vyumba hivyo vilibandikwa jina la lokesheni za angani, kwa mfano wa lokesheni za kawaida, ambazo ni vitongoji vilivyotengwa kwa Waafrika nje ya miji. Mwaka 1955 serikali ilitunga sheria ya kupunguza idadi ya watumishi waliolala katika kila jengo, ikionyesha bayana kwamba jasho lao lilitakiwa mjini huku ukaazi wao ukikataliwa.

Jengo la Ponte, mnara wa duara wenye ghorofa 54 na uwazi katikati, lilikamilika Berea mwaka 1975, wakati ambapo msingi wa kijamii uliolibeba ulikwisha kuanza kutikisika. Baada ya machafuko ya Soweto ya mwaka 1976, uhamiaji wa Wazungu kuingia nchini ulipungua na familia nyingi zilihamia vitongoji vipya vya kaskazini, hali iliyoacha vyumba vitupu mikononi mwa wenye magorofa, ilhali Wahindi na watu waliowekwa na sheria katika kundi la Machotara walibanwa na uhaba mkubwa wa nyumba katika maeneo waliyotengewa. Wenye nyumba walianza kuwapangisha watu hao kinyume cha sheria, mara nyingi kwa mkataba ulioandikwa kwa jina la Mzungu wa kukodi, na baadaye Waafrika walifuata kwa wingi, hata Hillbrow na Berea zikaitwa maeneo ya kijivu, maana yake mitaa iliyochanganya rangi ambazo dola iliamuru zitengwe. Mwaka 1982, katika kesi ya Govender, Jaji Richard Goldstone aliamua kwamba mahakama haikulazimika kumtoa mtu aliyevunja Sheria ya Maeneo ya Makundi katika nyumba bila kuzingatia kama alikuwa na pengine pa kwenda, na uamuzi huo ulikaribia kuzima kabisa fukuzafukuza ya aina hiyo jijini.

Hapo ndipo penye kiini cha historia ya Berea, kwa kuwa kuna simulizi iliyozoeleka inayodai kwamba mtaa uliharibika kwa sababu watu weusi waliingia, ilhali mfuatano halisi wa mambo ulikuwa mwingine. Mpangaji aliyeishi kinyume cha sheria hakuweza kumshtaki mwenye nyumba, hivyo alitozwa kodi kubwa kuliko thamani ya chumba. Ili aimudu, alilazimika kugawana chumba na wengine, na msongamano huo ulichakaza lifti, mabomba na ngazi ambazo mwenye jengo hakuona sababu ya kuzikarabati. Mabenki nayo yalisita kutoa mikopo katika mitaa hiyo, na hata baada ya sheria za ardhi za kibaguzi kufutwa mwaka 1991, hakukuwa na mtaji wa kufufua majengo. Uchakavu ulitengenezwa na kodi, sheria na benki, kisha lawama wakatwikwa waliolipa kodi hiyo. Wahamiaji kutoka Zimbabwe, Msumbiji, Malawi, Nigeria na Kongo waliofika katika miaka ya 1990 na baadaye walirithi majengo hayo pamoja na lawama zake.

Jiji nalo lilipoanza kutaka kuvuta wawekezaji upya, liliwaamuru wakaaji wa majengo mabovu waondoke kwa hoja ya usalama wa afya na moto, bila kuwaonyesha pa kwenda. Wakaaji wa nambari 51 Olivia Road, Berea, pamoja na wenzao wa Main Street, waliipinga amri hiyo, na mwaka 2008 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kabla ya kuomba watu wafukuzwe, jiji lazima lifanye nao mazungumzo ya dhati kuhusu hatima yao. Mwaka 2011, katika shauri la watu 86 waliokaa Saratoga Avenue, mtaani humohumo, mahakama hiyo ilisema kwamba jiji lina wajibu wa kutafuta makazi ya muda hata pale anayefukuza ni mmiliki binafsi. Baadhi ya watu hao walipelekwa katika makazi yaliyofunga milango mchana kutwa na kutenganisha wanaume na wanawake, wakarudi mahakamani, na mwaka 2017 kanuni hizo zikatangazwa kuwa zinavunja haki ya utu na faragha. Mwaka huohuo wakaaji 184 wa jengo la Kiribilly, Berea, walipata hukumu kwamba hakimu hawezi kutoa amri ya kufukuza kwa kutegemea maafikiano tu, bila kuchunguza mwenyewe kama ni haki.

Watu walioitwa kero ya jiji, basi, ndio waliokipa uhai kifungu cha 26 cha Katiba ya mwaka 1996, kinachokataza mtu kuondolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama iliyozingatia hali zote zinazohusika, na ulinzi walioupata unawafaa maskini wa nchi nzima. Hata hivyo hukumu haijengi nyumba: moto wa Marshalltown wa Agosti 2023, uliowaua watu zaidi ya 70 katika jengo lililokuwa mali ya jiji lenyewe, ulithibitisha kwamba wajibu uliotamkwa Berea bado haujatimizwa. Ubaguzi wa rangi ulipofutwa vitabuni, kipato kiliachiwa kazi iliyofanywa zamani na rangi, yaani kuamua nani aishi karibu na kazi yake, na kazi hiyo haitakoma mpaka jiji lijenge, katikati yake, vyumba ambavyo mlinzi, mfagiaji na mchuuzi wanaweza kuvilipia kwa ujira wao halisi.