Majeruhi wa uti wa mgongo huanza kutibiwa viungo angali kitandani

JERAHA la uti wa mgongo hutokea neva kuu ipitayo ndani ya pingili za mgongo inapokatika au kubanwa, aghalabu katika ajali ya barabarani au mtu anapoanguka kutoka juu.

Sehemu za mwili zilizo chini ya jeraha hupoteza nguvu, hisia au vyote viwili. Aliyeumia shingo huathirika mikono na miguu. Aliyeumia kiunoni huathirika miguu.

Wengi hudhani kuwa tiba ya viungo huanza siku mgonjwa anapojaribu kusimama. La hasha! Mara nyingi kinachowaua majeruhi hawa baadaye si jeraha lenyewe, bali vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo.

Dkt Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939, alilitambua hilo alipofungua kituo cha majeruhi hao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mnamo Februari 1944. Aliagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mnamo Julai 29, 1948, wanajeshi 16 wa zamani walishindana kulenga shabaha kwa mishale kituoni humo, na huo ukawa mwanzo wa Michezo ya Paralimpiki.

Nchini Kenya, hospitali ya kitaifa ya rufaa ya majeraha haya iko Nairobi. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, mzigo huwaangukia jamaa zake.

Yafaa wamgeuze kama hospitalini na kukagua ngozi yake kila siku, hasa matakoni, nyongani na visiginoni. Wekundu au weusi usiotoweka ni dalili ya kidonda kinachoanza. Asilalie sehemu hiyo.

Akiwa kwenye kiti cha magurudumu, ajiinue au aegemee upande kila baada ya dakika 15 hadi 30. Viungo vilivyopooza vinyooshwe polepole kila siku visikakamae. Anayetumia mpira wa kutolea mkojo kwa vipindi autumie kila baada ya saa nne hadi sita, kwa mikono safi.

Aliyeumia shingo au sehemu ya juu ya kifua akishikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa na kutokwa jasho, huenda shinikizo la damu limepanda kwa kiwango cha hatari. Aketishwe wima, nguo zinazobana zilegezwe na mkojo utolewe. Hali isipotulia mara moja, akimbizwe hospitalini.