Viambishi -li- na -me- katika Ufundishaji wa Kiswahili: Mfano wa Karurumo

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza kutekelezwa nchini Kenya mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa. Huko Karurumo, katika Embu, ambako Kiembu ndiyo lugha ya nyumbani, hatua hiyo iligeuza swali la kawaida la wanafunzi kuwa swali la alama: ni lini husemwa "alifika", na ni lini "amefika"?

Swali hili si dalili ya uvivu. Kitenzi cha Kiembu, sawa na vya lugha jirani za Mlima Kenya, hutenganisha tendo la leo, la jana na la zamani. Mwanafunzi huzitafuta daraja hizo katika Kiswahili. Asipozikuta, huifanya -me- kuwa ya leo na -li- kuwa ya jana kurudi nyuma. Hivyo huikwepa sentensi "nilifika leo asubuhi", ilhali ni sahihi kabisa. Kiambishi -li- huonyesha wakati. -Me- huonyesha hali, yaani tendo limetimia na matokeo yake yangalipo. Ndiyo sababu "amefika" hukanushwa kwa "hajafika", tendo likiwa bado linatazamiwa, na "alifika" kwa "hakufika".

Sarufi ya Edward Steere ya 1870 na ile ya E. O. Ashton ya 1944 ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa wageni waliokuja na maswali ya Kiingereza. Thamani yake (hasa ya Ashton) haina shaka. Hata hivyo, mtoto wa Karurumo hakuwa msomaji aliyekusudiwa, na kumwekea "alifika" kando ya vitenzi vitatu vya Kiembu kungemfaa zaidi kuliko kumkaririsha jedwali la nyakati.