Uhakiki wa habari za ndege zinazobishaniwa: mfano wa Minembwe

Mhakiki wa habari hutoa uamuzi kwa neno moja au mawili: kweli, uongo, haina muktadha. Kwa habari za ndege mashariki mwa Kongo neno hilo mara nyingi halitoshi, na ushahidi uko milimani juu ya Uvira.

Tarehe 30 Juni 2025 jeshi la Kongo, FARDC, liliharibu ndege huko Minembwe, kwenye milima hiyo, Fizi. Lilisema ndege hiyo iliingia katika anga ya nchi bila kibali. Waasi wa AFC/M23 na wenzao wa Twirwaneho, kundi la Wanyamulenge, wakasema ilikuwa ya kiraia, imeleta misaada. Yaani pande zote mbili zilikubaliana kwamba ndege imeharibiwa, na aliyeiharibu anajulikana. Upande mmoja ulizungumzia kibali, mwingine mzigo, na ndege yaweza kubeba dawa huku haina kibali. Anayeipiga habari ya “ndege ya misaada” muhuri wa uongo kwa kutegemea tangazo la jeshi peke yake hajahakiki kitu, amechagua upande. Vivyo hivyo anayepuuza suala la kibali kwa sababu ameona picha za maboksi.

Uhakiki wa haki huigawa habari: tukio, mhusika, mzigo, kibali, na kama ndege ilikuwa angani au imeshatua. Hilo la mwisho ni zito. Kifungu cha 3 bis cha Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga, kilichoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 1998, kinakataza kuishambulia kwa silaha ndege ya kiraia iliyo angani. Siku tisa baadaye waasi wa RCD waliidungua Boeing 727 ya Congo Airlines karibu na Kindu, wakafa watu 41. Waasi walidai imebeba askari. Kampuni ikasema ni raia, wakiwemo wanawake na watoto. Ubishi wa mzigo ni ule ule, ila huko Kindu silaha ilikuwa mikononi mwa waasi. Mhakiki apimwe hapo: je, kwa ushahidi wa kiwango kimoja, angetoa uamuzi mmoja kwa Kindu na kwa Minembwe?

Mtandao wa kimataifa wa wahakiki, IFCN, unawataka wanachama wake wasipendelee upande, wataje vyanzo na wasahihishe makosa hadharani. Masharti hayo ni mazuri, lakini odio ya WhatsApp ikishafika Uvira masahihisho huifuata kwa kuchelewa sana. Na Mnyamulenge wa kawaida anayeshuka sokoni ndiye anayetazamwa kwa shaka pale “ndege ya silaha” inapothibitishwa kwa pupa. Kwa hiyo “haijathibitishwa” ni uamuzi kamili, mradi mhakiki aseme ni kipande kipi, kufikia tarehe ipi, na nani aliulizwa.