Majina ya Intaneti na Fundisho la Reli ya Kasese

Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese ili kubeba shaba ya Kilembe. Ilikuwa njia moja tu. Treni zilipoacha kuja, hapakuwa na reli nyingine. Insha hii inauliza kama intaneti nayo ina udhaifu huo.

Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa namba ya kompyuta. Mfumo una ngazi: juu upo mzizi, chini yake vikoa vya nchi kama .ug. Anayeshika ngazi ya juu anaweza kulifuta jina, na mtoa huduma anaweza kutoa jibu la uongo. Mwaka 2011 Namecoin ilileta dawa ya blokucheni: daftari la majina linalonakiliwa katika kompyuta nyingi, ambalo hakuna awezaye kulibadilisha peke yake.

Je, daftari hilo lingewafaa watu wa Bwera, mpakani na Kongo? Februari 2016, siku ya uchaguzi, mitandao ya kijamii na huduma za pesa kwa simu zilifungwa kwa amri. Wengi walipenya kwa VPN. Januari 2021 intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa. Hapo hata blokucheni isingesaidia, kwa kuwa jina halina faida njia ikikatwa.

Kwa hiyo, kugawa daftari ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwa na njia zaidi ya moja, na Kasese imekwisha kujifunza hilo kwa reli.