Baridi ya kipwa huko Kolwezi: namna ya kuwasha kamyo ya mazutu bila kuhatarisha maisha

Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane, wakati wa kipwa, asubuhi za Kolwezi ni za makoti mazito. Mji huu, makao makuu ya jimbo la Lualaba, uko kwenye urefu wa mita zaidi ya 1400 juu ya bahari. Usiku mbingu ni nyeupe, hakuna mawingu ya kuzuia joto la ardhi lisipande juu. Mwezi wa sita na wa saba, mara nyingi joto linashuka chini ya digrii 10 mbele ya jua kutoka, na mabondeni baridi inazidi.

Ni saa hizo ndipo mashofere wanataka kuondoka. Safari ya Kolwezi mpaka Lubumbashi, kupitia Fungurume na Likasi, ni kama kilomita 300, na mbele yake kuna foleni ya mpaka wa Kasumbalesa. Kamyo ikikatala kuwaka saa kumi na moja asubuhi, siku nzima imeharibika. Basi mtu analeta mbabula yenye makala ya moto, mwingine anaomba vijana wasukume. Hapo ndipo hatari inaanza.

Jambo la kwanza la kujua ni hili: kwa digrii 8 ao 10, kamyo yenye afya inapaswa kuwaka. Baridi ya Lualaba haiharibu moteri, inafichua ugonjwa uliokuwemo tayari. Kwa hiyo dawa ni kutafuta ugonjwa, si kupasha gari moto.

Kwa nini mazutu inasumbuka na baridi

Moteri ya esansi inawashwa na cheche ya bujii. Moteri ya mazutu haina cheche. Pistoni inaminya hewa mara 15 mpaka 22 hivi, hewa inachemka sana, na mazutu ikirushwa ndani inawaka yenyewe. Ili hewa ichemke, moteri inapaswa kuzunguka kwa nguvu.

Asubuhi ya baridi, mambo matatu yanapunguza nguvu hiyo. Betri inalegea: kwenye digrii 0, betri ya risasi inabakia na karibu theluthi mbili tu ya nguvu zake za kawaida. Mafuta ya moteri yanakuwa mazito, na demareri inafanya kazi zaidi. Tena chuma baridi kinanyonya joto la hewa iliyominywa.

Gari ndogo za mazutu, kama vile jeep nyingi za migodini, zina bujii za kupasha joto, zinazoonyeshwa na taa ya waya uliojikunja kwenye dashibodi. Kamyo kubwa nyingi hazina bujii hizo. Zinategemea zaidi mzunguko wa nguvu, na ndiyo sababu betri ni moyo wa mambo.

Sauti na moshi vinasema

Mbele ya kufungua boloni hata moja, shofere anaweza kusikiliza na kutazama.

Demareri ikifanya "tak" tu, ao ikizunguka polepole, kosa liko upande wa umeme: betri, vichwa vya nyaya vyenye kutu nyeupe, waya wa masi uliolegea, ao demareri yenyewe.

Moteri ikizunguka vizuri na moshi mweupe wenye harufu ya mazutu ukitoka, mazutu inafika lakini haiwaki. Fundi atazame bujii za kupasha joto kama zipo, sindano za mazutu, na nguvu ya kuminya ya moteri.

Moteri ikizunguka vizuri lakini hakuna moshi hata kidogo, mazutu haifiki. Labda filtri imeziba, ao hewa imeingia kwenye mpira uliopasuka usiku wakati gari limesimama.

Kamyo ikiwaka lakini moshi mweupe hauishi hata moteri ikipata moto, na maji ya radieta yanapungua kila siku, ni kazi ya garaji. Pengine jointi ya kichwa cha moteri imeungua.

Kazi ya jioni

Kamyo inayowaka asubuhi inatayarishwa jioni. Tangi linalojazwa jioni linaacha nafasi ndogo ya hewa, na unyevu wa hewa hiyo ndio unaogeuka maji wakati wa baridi. Maji yaliyo chini ya filtri yatolewe kila siku, zaidi sana kama mazutu ilinunuliwa kwenye bidoni kandokando ya barabara, kwa wale watu wanaowaita kadhafi.

Betri ipimwe. Betri ya volti 12 iliyojaa inaonyesha karibu 12,6 ikiwa imepumzika. Ikionyesha 12,2 imebakia nusu, na nusu haitoshi asubuhi ya baridi. Kamyo nyingi zina betri mbili zinazofanya volti 24 pamoja. Zibadilishwe zote mbili siku moja, sababu ile ya zamani inaua ile mpya.

Mafuta ya moteri ya 15W-40 yanatosha kwa baridi ya Lualaba, kama kitabu cha gari kinayakubali. Mafuta mazito yenye nambari moja tu, kama 50, yanafanya moteri izunguke kwa shida.

Kuna pia desturi ya kuondoa termostati ili moteri isichemke. Wakati wa kipwa desturi hiyo inageuka hasara: moteri inatembea baridi safari nzima, inakula mazutu zaidi na inachakaa mbio.

Kuwasha asubuhi

Kama kuna taa ya kupasha joto, shofere angoje izimike. Klachi ikanyagwe. Demareri isishikwe kupita sekunde 10 hivi, kisha ipumzike dakika moja ao mbili. Kuishika mfululizo kunaunguza demareri na kumaliza betri.

Ikiwaka, isipigwe resi. Mafuta yanahitaji muda kidogo kufika kwenye turbo. Dakika tatu mpaka tano zinatosha, na breki za hewa zipate presha yake, kisha gari litembezwe polepole mpaka moteri ipate joto.

Kuteremsha kamyo mlimani ili iwake ni kucheza na kifo. Moteri ikiwa imezimika, usukani ni mzito na hakuna hewa mpya ya breki.

Moto na mbabula

Kuweka moto ao mbabula chini ya moteri ao tangi kumeenea sababu kunaonekana rahisi. Lakini chini ya kamyo kuna mafuta yaliyomwagika, mipira ya mazutu, mipira ya breki na nyaya. Mpira mmoja ukiyeyuka, mazutu inamwagikia moto. Kwenye foleni, jirani anaweza kuwa kamyo ya kubeba esansi. Spreyi ya kuwashia nayo haipatani na bujii za kupasha joto: inaweza kulipuka na kuvunja pistoni.

Hatari kubwa zaidi ni ile isiyoonekana. Shofere na msaidizi wake wanalala ndani ya kabini, vioo vimefungwa, mbabula miguuni. Makala ya moto yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Inaanza na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kutapika, lakini aliyelala hasikii dalili hizo, na anaweza kufa usingizini. Moteri inayonguruma ndani ya garaji iliyofungwa inaleta gesi hiyohiyo. Mtu aliyepatwa atolewe mara moja kwenye hewa safi na kupelekwa hospitali, hata akisema amepata nafuu. Kwa kulala, blanketi mbili na koti ni bora kuliko mbabula.

Wanaoelekea kusini

Kamyo zinazopeleka shaba na kobalti mpaka Durban zinakutana na baridi ya kweli. Mwezi wa tisa 2024, theluji ilifunga barabara ya N3 karibu na Van Reenen, huko Afrika Kusini, na kamyo nyingi zilikwama. Kwa baridi kama hiyo, nta iliyo ndani ya mazutu inaganda na kuziba filtri, na maji matupu ya radieta yanaweza kuganda na kupasua moteri. Mashofere wa njia hiyo watie dawa ya kuzuia kuganda kwenye radieta mbele ya kuondoka, na wajaze mazutu ya majira ya baridi inayouzwa kule. Kuchanganya esansi na mazutu si dawa: kunaharibu pampu na kunaongeza hatari ya moto.

Kupima betri kunachukua dakika tano, na kutoa maji ya filtri dakika mbili. Mwenye kamyo anayempa shofere wake betri nzuri na blanketi mwezi wa tano hatakuwa na sababu ya kumkuta na mbabula mwezi wa saba.