Glavu za sufu zilifikaje Bungu?

Juni imeingia na baridi ya Iringa imeshaanza kutuadhibu. Sisi wa Pwani tunajulikana tu, mikono mifukoni mpaka kipindi kiishe. Wengi tutakimbilia mitumba kutafuta glavu. Ila cha ajabu, glavu hizo hizo nzito za sufu utazikuta hata Bungu kwetu, Kibiti, kwenye joto la barabara ya Kilwa! Zilifikaje kule?

Jibu liko kwenye historia. Enzi za ujamaa nguo ilitakiwa itoke kwetu. Kiwanda cha Urafiki kilianza 1968 pale Ubungo kwa msaada wa China. Kisha vikaja vita vya Kagera, 1978-79, na mafuta yakapanda bei. Fedha za kigeni zikakauka, vipuri havikuja, nguo zikaadimika. Waulizeni wazazi wenu, khanga ilipangiwa foleni. Mwaka 1983 ukafuata msako wa wahujumu uchumi, na bado maduka yakabaki matupu.

Mwaka 1984 serikali ikalegeza: mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa, haulizwi kazipata wapi. Mwaka 1985 akaingia Mzee Mwinyi, mzaliwa wa Mkuranga, majirani zetu kabisa, na watu wakamwita Mzee Ruksa. Mitumba ikamwagika. Watu wakaitania "kafa Ulaya", lakini walivaa!

Sasa sikilizeni hapa. Belo la mitumba linafungwa kwa kilo, halifungwi kwa oda yetu. Anayetoa nguo zake kule London hamjui mnunuzi wa Bungu. Mchuuzi naye hununua belo likiwa limefungwa, akilifungua ndipo anajua kapata nini.

Na Bungu kuna watu wanaohitaji glavu kweli. Mama anayebangua korosho anaunguzwa vidole na mafuta ya ganda. Yeye anataka glavu ya mpira. Ya sufu inanyonya yale mafuta na kumgandishia kwenye ngozi. Yaani glavu ipo, lakini siyo yake.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba kufikia 2019. Marekani ikatishia soko la AGOA, na wengi wakarudi nyuma, Tanzania ikiwemo. Rwanda iliyokaza ikasimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018.

Mimi siidharau mitumba, imewavisha wazazi wetu walipokuwa hawana kitu. Lakini pamba yetu nyingi bado inauzwa nje hata haijasokotwa. Hapo hatuchagui tuvae nini, tunaokota kilichobaki. Kupiga marufuku mitumba kabla viwanda havijasimama ni kurudisha foleni za 1983. Tuanze na pamba kwanza. Watu wa uchumi mnasemaje?

Na mnaokwenda kununua glavu, hakikisheni pea imekamilika!